Nani Kakuambia Urudishe?

Jumapili ile Vailet hakupitia nyumbani kwake Misugusugu. Mwanawe Wema aliporuhusiwa kutoka hospitali ya Tumbi, kifua kimefunguka na homa imekimbia, alimfunga mgongoni kwa kanga, akashika mfuko wa dawa na kutembea moja kwa moja mpaka kwa Consolata, palepale Tumbi, ambako laptopu ilikuwa. Kesho yake asubuhi walikuwa na wageni Kisarawe. Alitaka amalizie pale alipoachia, basi, halafu akapumzike na mwanawe.

Aliifungua barazani, magotini. Akasoma kidogo. Akarudi juu, akasoma tena.

"Brayan," aliita. "Meseji za akina mama ziko wapi?"

Brayan, mwenzake wa darasa la jioni la kompyuta, alikuwa amekaa kwenye ngazi anamenya muwa kwa meno. "Si hizo hapo."

"Hizi ni za Pasaka. Nakuuliza zangu."

"Aa, hizo." Akatema kapi la muwa uani. "Niliirudisha nyuma kidogo, dada Vai. Ilikuwa haiwaki."

"Umeirudisha nyuma?"

"Kidogo tu."

"Nani kakuambia urudishe?"

Alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Consolata, dada yake Brayan, akatokeza kichwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Jamani, kuna nini? Vailet mdogo wangu, kunywa chai kwanza. Mtoto katoka kuugua, usimgutushe."

"Shikamoo dada Consolata. Nisamehe, hata salamu sikukupa."

"Marahaba."

"Sasa niache nimalizane na mdogo wako."

Darasani kwao watu walifanya kazi wawiliwawili, kila jozi na laptopu moja ya kugawana. Sheria ya darasa ilikuwa moja, na mwalimu aliirudia mpaka wakaichoka: hakuna kupokea laptopu bila makabidhiano. Anayeachia anakaa na anayepokea, anamweleza ana kwa ana alipofika, kama mama anavyomwachia jirani mtoto: huyu amekula, hajalala, akilia mpe uji. Vailet alipokimbizwa na homa ya mwanawe, aliiacha kwa Mama Yosefina, jirani yake, kazi ikiwa katikati. Brayan alikwenda akaichukua; Vailet alikuja kuambiwa na Mama Yosefina. Hakupiga simu wala hakuandika meseji. Kutoka kwa Consolata mpaka wodini ni mwendo wa kutafuna huo muwa ukaisha, na hakufika.

"Ungenipigia," Vailet alisema.

"Ulikuwa na mgonjwa, dada. Nikaona nisikusumbue."

"Usinifiche nyuma ya mtoto wangu!"

Wema akashtuka mgongoni, akaanza kunung'unika. Vailet akamtikisa taratibu, akambembeleza kwa kiganja, "lala mama, lala," na macho yake hayakutoka usoni kwa Brayan. Mkono ulikuwa wa mama, macho yalikuwa ya mtu mwingine.

Mfumo waliokuwa wakiutengeneza ulikuwa wa kuwatumia meseji akina mama wa zahanati moja ya kijijini Kisarawe: siku ya kliniki imefika, chanjo ya mtoto imekaribia, njoo uchukue vidonge. Kwa kuusikia, ni kazi rahisi. Toleo la kwanza lilimalizika Pasaka na Brayan akalisifia sana. Lilikuwa linaandika hivi: "Hongera Mwamvita kwa ujauzito wako! Usikose kliniki kesho."

Hapo ndipo Vailet alipokwenda Kisarawe mwenyewe, Wema mgongoni, akakaa na akina mama kwenye baraza ya zahanati. Aliwasomea ile meseji akidhani watafurahi. Wakaangaliana. Mmoja akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mwamvita mwenyewe, msichana mwembamba aliyekwisha kupoteza mimba mara mbili, akainuka na kuondoka.

Vailet alimfuata mpaka nyuma ya tangi la maji. "Nimekosea nini, mwenzangu?"

"Simu uliyoandika siyo yangu," Mwamvita alimwambia. "Ya shemeji. Mimi sina simu. Na mimba changa haitangazwi, dada, hata mama mkwe sijamwambia. Za kwanza nilizisema mapema, na watu wakasema wakasema. Hii nimeinyamazia. Sasa wewe unataka shemeji aisome kijiweni?"

Tangu siku hiyo Vailet aliijenga kazi upya. Mfumo ulitakiwa kwanza ujue simu ni ya nani: ya mama mwenyewe, ya mume, ya shemeji, ya mama mkwe, ya jirani. Kisha ujue mwenye simu anaruhusiwa kujua nini. Aliwauliza mmoja mmoja, akaandika palepale kwenye laptopu, kwa mkono wake, maana karatasi walimkatalia. "Karatasi huokotwa, mwanangu," walimwambia. "Leo umeandika siri yangu, kesho imefungia maandazi."

Sasa yote hayo hayakuwepo.

"Nieleze ulichofanya," alisema. "Kimoja kimoja. Usiruke."

Brayan akafuta mikono kwenye suruali, akaja kuchutama kando yake. Alieleza kama mtu aliyeonewa. Alifungua mfumo, ukaleta maandishi mekundu, ukagoma. Ulikuwa umegoma kwa sababu Vailet alikuwa katikati ya kuunganisha faili la wenye simu, lile lenye majibu ya akina mama, lakini yeye angelijuaje hilo? Akina Brayan walikuwa wanatumia msaidizi wa akili mnemba anayekaa ndani ya laptopu, unamwambia naye anaandika programu. Na kila anapotaka kugusa mafaili, kwanza anayapiga picha yalivyo. Picha hizo darasani waliziita vituo. Ukiharibikiwa, unachagua kituo, unabonyeza, mafaili yanarudi yalivyokuwa pale. Brayan alichagua kituo cha Pasaka. Ukawaka.

"Ukawaka," alirudia. "Ndiyo muhimu. Kesho watu wanakuja kuona kitu kinachowaka."

"Na faili la wenye simu?"

Brayan akajikuna kisogo. "Lile lilibaki. Nikarudi nyuma, lenyewe halikuondoka. Nikaona ni takataka, linakaa tu pale... nikalifuta."

"Ukalifuta."

"Kwa mkono. Moja kwa moja, halikupitia hata kapu la taka."

Vailet alihisi masikio yanawaka moto. Alijua kwa nini lilibaki. Msaidizi huhifadhi kwenye vituo vyake mafaili aliyoyaandika yeye tu; unachokiandika mwenyewe kwa vidole vyako hakijui, hakipigi picha, hakirudishi. Lile faili lilikuwa limejinusuru, limesimama peke yake katikati ya kazi iliyobomolewa, halafu huyu bwana akapita akalimaliza.

"Zile zilikuwa meseji tu, dada Vai," Brayan alisema kwa upole ambao ulizidi kumchoma. "Hazikuwa programu yenyewe. Tutaziandika tena. Halafu ona nilivyoipamba," akasogeza kidole kwenye skrini, "grafu hizi, rangi, nembo pale juu. Wageni watapenda."

"Namba za simu umeziingiza?"

"Zote. Kesho tukibonyeza hapa, zinakwenda kwa wote kwa mpigo. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Na ya Mwamvita?"

"Mwamvita yupi?"

Vailet aliinuka. Alitembea mpaka mwisho wa uwanja, kwenye kamba ya nguo, akasimama kati ya mashuka ya Consolata. Alitamani kuirusha laptopu juu ya bati. Alitamani kulia pia, lakini alijua akilia yatageuka: ataletewa kiti, ataambiwa pole, na mwisho wa siku ataonekana mama mchovu aliyezidiwa na ugonjwa wa mtoto. Kumbe hakuwa mchovu hata kidogo. Alikuwa na hasira, na hasira ile alikuwa na haki nayo.

Akarudi. "Vituo vya baada ya Pasaka umevifuta?"

"Sijavigusa."

Akaketi, akafungua orodha. Vilikuwepo, vimefifia kama maandishi yaliyoloa, mpaka cha mwisho kabisa, cha siku Wema alipozidiwa. Ubongo wa kazi yake ulikuwa pale: jinsi mfumo unavyouliza simu ni ya nani, jinsi unavyochagua maneno, jinsi unavyonyamaza. Kilichokufa ni majibu ya akina mama.

Akaweka kidole tayari kubonyeza, akasita.

"Mapambo yako umeandika kwa msaidizi au kwa mkono?"

"Kwa mkono, humohumo ndani ya mafaili ya msaidizi," Brayan alisema, na uso ukamshuka. Sasa alielewa. "Vailet, ngoja. Nimekesha na hizo grafu."

"Nikibonyeza hapa mafaili hayo yanarudi yalivyokuwa, nazo zinakwenda."

"Ngoja, dada. Nakuomba."

Consolata alikuwa amesimama mlangoni, mwiko umemkaukia mkononi. Vailet aliuona wazi utamu wa kubonyeza. Angebonyeza tu, kisha angemwambia, zilikuwa rangi tu, utazipaka tena.

"Lete flashi," alisema mwishowe.

Brayan akakimbilia ndani. Vailet akanakili folda yake yote, grafu, rangi na nembo, akaichomoa flashi na kumtupia mapajani.

"Sikukuhifadhia kwa sababu unastahili. Nimekuhifadhia kwa sababu mimi najua inavyouma, na wewe hujui." Kisha akabonyeza kituo chake. Mafaili yakarudi moja baada ya jingine, na usiku ule akamalizia kuunganisha mpaka mfumo ukawaka.

Asubuhi ya Kisarawe ilikuwa na umande na harufu ya moshi wa kuni mbichi. Baraza ya zahanati ilikuwa imefagiliwa mpaka ufagio ukaacha michirizi, viti vya plastiki vimepangwa, na akina mama wamejaa kwenye mkeka na watoto wao. Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na Bwana Abdulaziz, afisa wa shirika lililokuwa linataka kuuchukua mfumo na kuupeleka kwenye zahanati nyingine. Alikuwa mtu wa haraka na wa tabasamu.

Vailet alitangulia kusimama. Alieleza mfumo unavyofanya kazi, kisha akasema wazi, "Leo hautatuma. Majibu ya akina mama kuhusu simu zao yamepotea. Inabidi tuwaulize upya kwanza."

Tabasamu la Abdulaziz likapungua. "Dada yangu, sisi tumetoka mbali. Tumekuja kuona meseji ikienda. Hata moja ya majaribio?"

"Moja tutaweza tukishawauliza."

"Mimi ninalo toleo linalotuma," Brayan akadakia.

Vailet akageuka. Brayan alikwisha kuichomeka ile flashi. Hakumwangalia. Kwenye skrini zikafunguka grafu zake, rangi ya machungwa na kijani, na pale katikati kitufe kikubwa: TUMA KWA WOTE.

"Eeh, hii sasa!" Abdulaziz akasogea. "Inapendeza. Bonyeza tuone."

Mkekani, Mwamvita alikuwa ameketi karibu na nguzo. Alifunga tu mikono tumboni na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri mvua ya mawe impige.

Vailet hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka tu sauti ya kifuniko cha laptopu alipokibamiza, paa! na kidole cha Brayan kikinusurika chupuchupu. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Umechanganyikiwa?" Brayan alisema kwa sauti ya chini. "Unatuaibisha mbele za watu."

"Nakuaibisha wewe. Na bado sijaanza."

"Dada," Abdulaziz akaingilia, mikono juu, "tulia. Hasira hazijengi."

"Bwana Abdulaziz, shirika lako lina watu wenye simu mfukoni kila mmoja na ya kwake, imefungwa kwa alama ya kidole. Hapa siyo hivyo. Hapa nimeambiwa mambo na hawa dada zangu, nyuma ya lile tangi, kwa kuniamini. Kitufe hicho kikibonyezwa, mambo hayo yanafika kwa watu ambao hayakupaswa kuwafikia. Hapana, sitatulia. Nikitulia mtabonyeza."

Abdulaziz akatazama mkekani kama anayeomba msaada. "Akina mama, kwani ni kweli? Meseji ya kliniki inaweza kuleta shida gani?"

Aliyejibu hakuwa mmoja wa akina mama vijana. Ni Bibi Biasha, aliyekuja na mjukuu wake kwa ajili ya chanjo, kikongwe mwenye simu ya tochi aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Mwanangu, wewe umetoka wapi?"

"Dar, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi sikiliza. Simu hii unayoiona ni ya nyumba nzima. Wakamwana zangu wote wanapokelea hapa. Na mimi kusoma sijui. Ikilia ngringri, namwita yeyote anayepita njiani: wee, njoo unisomee. Anasoma kwa sauti, maana na masikio yangu nayo ndiyo hivyo. Wa barazani wanasikia. Wa dukani wanasikia. Muuza samaki akiwepo na baiskeli yake, anakwenda nayo mpaka kijiji cha pili." Akina mama wakaanza kucheka. Bibi Biasha hakucheka. "Sasa wewe niletee habari ya tumbo la mke wa mtu humo ndani, uone kama hilo tumbo litasalimika na maneno."

Mgeni mwenzake, mama wa makamo, alikuwa amekwisha kushusha kalamu. "Hili sisi hatukuwahi kuuliza," alisema polepole. "Kule kwingine tulikopeleka, hatukuuliza."

"Mnahitaji muda gani?" Abdulaziz akamwuliza Vailet.

"Muda wa kuongea nao mmoja mmoja, pembeni. Anayeondoka leo bila kuulizwa, namba yake haiingii."

"Basi tutakaa."

Vailet akaichomoa flashi, akamrudishia Brayan mkononi, akaufungua mfumo kutoka kwenye kituo chake. Meza ikasogezwa nyuma ya tangi la maji. Mara hii, kila baada ya mama mmoja, alimwambia msaidizi ahifadhi jibu na kuweka kituo. Hakuacha kitu vidoleni mwake tu.

Wa kwanza kukubali majaribio alikuwa mkamwana wa Bibi Biasha. Alisema lipi liandikwe na lipi lisiandikwe. Vailet akaandika, akabonyeza, na kule barazani simu ya kamba ya kiatu ikalia. Bibi Biasha akamkabidhi Abdulaziz mwenyewe. "Nisomee, mwanangu. Kwa sauti."

Abdulaziz akasafisha koo. "Shikamoo bibi—"

"Marahaba!"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Abdulaziz naye akacheka, akaendelea: "Mjukuu wako anasubiriwa zahanati Ijumaa. Tafadhali mwambie mama yake amlete. Ahsante kwa kutufikishia."

"Kumbe kana adabu hako kamashine," Bibi Biasha akasema, akirudisha simu shingoni. "Hako nitakapokea."

Mwamvita alikuja asubuhi ikielekea kwisha. Aliketi ubavuni, sio mbele, na Wema, aliyekuwa ameamka, akamnyooshea mkono akataka hereni yake. Mwamvita akamwachia aichezee.

"Nilijua zimekwisha kwenda," alisema. "Nilipoona kile kitufe, nilijua basi."

"Hazijaenda."

"Yangu usitume kabisa, dada. Wala usiandike neno. Tarehe zangu niambie mdomoni, nitakuja mwenyewe."

"Nimekuelewa."

Vailet akaandika neno moja tu mbele ya namba ile, "isitumiwe", na mfumo, kama alivyoufundisha wiki zote zile, ukaiondoa simu ya shemeji kwenye safari zake zote. Akamwonyesha Mwamvita skrini. Mwamvita alisoma taratibu, midomo ikitembea. Alipoinuka aliuweka mkono kwenye bega la Vailet, akauacha hapo kidogo, akaenda.

Brayan alikuwa amesimama hatua chache nyuma. Alikuwa amesikia.

"Nilidhani ni mila tu," alisema. "Nilidhani unachelewesha kazi kwa vitu vya wanawake."

"Najua ulivyodhani."

"Nisamehe, dada Vai. Nilitaka tusiaibike."

Vailet akavuta kiti cha pili, akakisukuma kuelekea kwake.

"Mwalimu atasikia kutoka kwangu, siyo kutoka kwako. Na laptopu hutaigusa tena bila mimi kuwepo, mpaka nitakaposema."

"Sawa."

"Hiyo nembo yako nzuri. Tutaiweka. Grafu hapana, mpaka tujue zinamwonyesha nani nini."

"Sawa." Akaketi kwenye ncha ya kiti. "Kwa hiyo yameisha?"

"Hayajaisha. Nina hasira na wewe na nitakuwa nayo mpaka iishe yenyewe. Lakini yule dada pale amesimama juani na mtoto. Mwite."